Kuimba Josquin kutoka kwenye picha za mwaka 1502: tuliyojifunza waimbaji wanane wa solfa

Kundi letu lina waimbaji wanane wa kwaya za parokia mbalimbali za Dar es Salaam, na wote tumelelewa katika solfa, yaani kusoma nyimbo kwa do, re, mi. Tulikusudia kuimba moteti, yaani wimbo wa kanisani wa sauti kadhaa, ya mtunzi wa kale wa Ulaya Josquin des Prez iitwayo "Ave Maria… virgo serena" katika sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15 Agosti. Tulitaka tuiimbe tukisoma ukurasa wa kale wenyewe, yaani picha za kitabu Motetti A alichokichapa Ottaviano Petrucci huko Venezia mwaka 1502, ambamo moteti hiyo ndiyo ya kwanza. Zamani jambo hili lilikuwa la mtu mwenye nauli ya kwenda Italia, au mwenye mwenyeji katika maktaba ya chuo kikuu cha Ulaya. Siku hizi linaanza na simu na bando. Hata hivyo, kuwa na picha mkononi na kuweza kuiimba ni mambo mawili yaliyo mbali sana, na umbali huo ulitugharimu fedha, muda na uvumilivu kuliko tulivyotarajia. Ninaandika ili kwaya nyingine itakayopenda kuingia katika muziki huu isilipe gharama ileile.

Uchaguzi wa wimbo ndio uliotuokoa mara nyingi. Maneno ya moteti hii hupita katika sikukuu tano za Bikira Maria, yaani kutungwa kwake mimba, kuzaliwa, kupashwa habari, kutakaswa na kupalizwa, na mwishoni sauti zote nne husema kwa pamoja na kwa utulivu, "O Mater Dei, memento mei", Ee Mama wa Mungu, unikumbuke. Baba Paroko alipoyasoma maneno hayo na maelezo yake hakuwa na swali jingine. Wimbo wenyewe pia humhurumia mgeni, kwa kuwa soprano huanza peke yake na kifungu kifupi, alto hukipokea, kisha sauti ya tena (tenor), kisha besi, hivyo kila mtu anakisikia kitu kabla ya kukiimba. Mazoezi ya muziki wa aina hii huwa marefu, na waimbaji wetu, ambao wengi hufika mazoezini wakitoka kazini na kwenye foleni, hawatavumilia kwa ajili ya historia peke yake. Wanahitaji wimbo ambao liturujia ina nafasi nao.

Nota tulizitafuta katika hazina tatu. CPDL, iliyoanzishwa mwaka 1998, ni maktaba ya nyimbo za kwaya ambamo watu wa kujitolea huweka matoleo waliyoyaandaa wenyewe. IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, ina picha za vitabu vya kale pamoja na matoleo ambayo muda wake wa hakimiliki umekwisha. DIAMM, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1998, ni ya picha za miswada, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, ya zama za kati na za karne zilizofuata, na ndiyo iliyonifungua macho zaidi kuhusu uwezo wa teknolojia hii: wataalamu wake hupiga picha zenye uangavu mkubwa za kurasa zilizochakaa, kisha hutumia kompyuta kuuinua wino uliofifia na kutenganisha maandishi yaliyopenya kutoka upande wa pili wa ukurasa. Kuna muziki ambao macho ya binadamu hayakuweza kuusoma tena na sasa unaimbwa. Kujiandikisha DIAMM ni bure, ila baadhi ya maktaba zenye miswada hazijaruhusu picha zake zionekane kwa umma, kwa hiyo usijenge mpango wako juu ya mswada ambao hujauona kwa macho.

Gharama ya kwanza ilikuwa bando. Tovuti nyingi za miswada zimetengenezwa ili ukuze picha kadiri unavyotaka, na kila unapoikuza hupakua vipande vipya vyenye ukubwa wake. Waimbaji wanane walipofungua ukurasa uleule, kila mmoja kwa simu yake, vifurushi vyetu viliisha kabla hatujaimba sentensi moja. Mpango uliofanya kazi ni mtu mmoja kulipakua faili zima mara moja mahali penye intaneti ya ofisi au ya chuo, kisha kuligawa kwa flashi. Na mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni faili kama hati, msilitume kama picha. Picha ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na katika kubanwa huko nukta ndogo iliyo kando ya nota, ile inayoirefusha kwa nusu ya urefu wake, inaweza kufifia kabisa. Mwimbaji wetu mmoja wa tena aliimba kifungu kifupi kuliko wenzake kwa mazoezi kadhaa, na sote tulidhani hajui kuhesabu, hadi tulipoweka simu yake kando ya kompyuta na kuona kwamba kwenye kioo chake nukta ile haikuwepo.

Jambo la hakimiliki nalo lina mtego wake. Josquin alifariki mwaka 1521 na muziki wake hauna mwenyewe, lakini toleo lililoandaliwa jana linaweza kuwa na mwenyewe. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba mtaalamu Lionel Sawkins ana hakimiliki juu ya matoleo aliyoyaandaa ya muziki wa Lalande, mtunzi wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1726, na kampuni ya rekodi iliyoyatumia ikashindwa kesi. IMSLP yenyewe ilifungwa mwezi Oktoba 2007 baada ya barua ya mchapishaji mmoja wa Ulaya, ikarudi katikati ya mwaka 2008. Kwa hiyo kabla ya kurekodi na kupandisha video mtandaoni, soma leseni iliyoandikwa chini ya toleo. Matoleo mengi ya CPDL huruhusu kunakili na kuimba bila malipo, lakini uwe umesoma.

Kwa kuwa tulihisi kwamba ukurasa wa 1502 utatushinda kwa mara ya kwanza, tulipakua pia matoleo ya kisasa kadhaa ili yatusaidie. Hapo ndipo tulipokutana na jambo ambalo mwanakwaya aliyezoea nakala moja ya wimbo mmoja halijui: matoleo hayakubaliani. Moja limepandishwa kwa hatua moja, jingine limegawa urefu wa kila nota kwa mbili, jingine limeweka flati (alama ya kushusha sauti kwa nusu hatua) juu ya nota ambayo kwa mwenzake haina alama yoyote, na mojawapo lilikuwa na nota iliyokosewa waziwazi katika alto. Alama ndogo zinazowekwa juu ya nota katika matoleo haya ni maoni ya mhariri. Waimbaji wa zama za Josquin walifundishwa kuongeza flati na sharpu (alama ya kupandisha kwa nusu hatua) nyingine wenyewe, kwa kanuni walizozijua, na mtunzi au mchapaji hakuona haja ya kuziandika. Anayelipokea toleo la mtandaoni kama neno la mwisho anaimba uamuzi wa mtu mwingine bila kujua kwamba kulikuwa na uamuzi. Tukazoea kufungua picha ya Petrucci kila tulipotofautiana, na hapo nikaona faida kubwa kuliko zote ya picha hizi: kila mwanakwaya mwenye simu anaweza kumhoji mhariri.

Sehemu ngumu zaidi ya safari yetu haikutoka kwenye ukurasa wa kale. Ilitoka kwenye faili za midi. Kwaya nyingi nchini hufundisha hivi leo kwa sauti zinazochezwa na kompyuta. Mwalimu anaandika wimbo katika programu ya MuseScore, ambayo ni ya bure, anatoa faili la kila sauti, anatuma katika kundi la WhatsApp, na mwanakwaya anasikiliza akiwa kwenye daladala. Kwa nyimbo zetu za kila Jumapili njia hii imesaidia wengi, nami siibezi. Kwa muziki huu ilitudhuru. Faili hizo ziliwazoesha waimbaji kukazia kila mwanzo wa kipimo cha mapigo, wakati katika kitabu cha Petrucci hakuna mistari ya kugawa mapigo na kila sauti ina mapumziko na mikazo yake kulingana na maneno. Waimbaji walikuja mazoezini wakiwa wamezishika nota zote vizuri, lakini wanaimba kama watu wanaopanda ngazi, na sehemu ya "Ave vera virginitas" ndiyo iliyoharibika kuliko zote. Hapo mapigo hubadilika na kuwa ya tatutatu, na sauti ya tena humfuata soprano kwa karibu mno akiimba wimbo uleule, sauti moja ikikanyaga kisigino cha nyingine. Uzuri wake wote upo katika mikazo inayopishana. Kompyuta iliwafundisha kukazia mahali pamoja, na upishano ukafa. Tena uwiano wa mwendo kati ya sehemu hiyo na iliyotangulia ni jambo ambalo rekodi na matoleo hutofautiana, ilhali faili la midi hukupa mwendo mmoja na husemi chochote, unaufuata.

Ilitubidi tufute kila faili la sauti katika simu zetu na kuanza upya, na kurudi nyuma kulikuwa kuchungu. Dada mmoja wa alto alilia, kwa kuwa alikuwa amejifunza usiku, baada ya kulaza watoto, na sasa anaambiwa asahau. Ninachowaomba walimu wa kwaya ni kwamba, kama lazima mtumie midi kwa muziki huu, itumieni kwa kuhakiki nota moja yenye utata, kisha zimeni.

Aliyetutoa hapo alikuwa mzee wetu wa besi, mtu aliyefundisha solfa katika kigango kimoja tangu sijazaliwa. Siku moja aliomba karatasi iliyochapwa ukurasa wa Petrucci, akaitazama muda mrefu, akauliza, "Mwalimu, hii alama mwanzoni mwa mistari inasema nini?" Nikamwambia ni ufunguo wa C, unaonyesha mstari ambao C inakaa, na unaweza kuwekwa juu ya mstari wowote, ndiyo maana wapiga kinanda huuogopa. "Na wimbo huu do yake iko wapi?" Nikamjibu kwamba hauna flati mwanzoni, kwa hiyo do ni C. Akaweka kidole juu ya ufunguo. "Basi wametuandikia do iko hapa. Tatizo liko wapi?"

Hakukuwa na tatizo. Mtu aliyejifunza muziki kwa kinanda huona funguo za C kama lugha ngeni, kwa sababu amezoea kwamba mstari fulani ni kitufe fulani. Mtu wa solfa hajali mstari una jina gani. Anataka kuonyeshwa do, kisha anapanda na kushuka. Ufunguo wa C unamwonyesha do na ufunguo wa F unamwonyesha fa, na vyote viwili ndivyo alivyovihitaji. Kuanzia siku ile mazoezi yalikwenda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Tuliacha pia kubishana juu ya kuupandisha au kuushusha wimbo, kwa kuwa katika solfa do huwekwa pale koo za waliopo zinaporidhika, na waimbaji wa karne ya 15 nao hawakuwa na kipimo kimoja cha kimo cha sauti kilichokubaliwa kila mahali.

Undugu huu wa solfa na ukurasa wa kale una historia yake. Katika karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo aliwafundisha wanakwaya silabi sita, ut, re, mi, fa, sol, la, alizozitoa katika utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na nusu hatua ilikuwa daima kati ya mi na fa. Wimbo ulipovuka nota sita, mwimbaji alihama na kuanza kuhesabu seti nyingine. Katika karne ya 19 huko Uingereza, Sarah Glover wa Norwich na baadaye John Curwen waliitengeneza solfa tunayoijua, na wamisionari wakaisambaza hadi kwetu. Tulipouanza wimbo, sisi tuliimba "so do do re mi" juu ya maneno "Ave Maria". Mwimbaji wa zama za Josquin angeziimba nota zilezile kama "ut fa fa sol la". Tulizijaribu njia zote mbili ubaoni, na ile ya kale ilitusaidia hasa katika suala la flati zisizoandikwa, kwa kuwa wanafunzi wa zamani walikuwa na kanuni kwamba nota moja inayochungulia juu ya la na kurudi huimbwa fa, yaani kwa nusu hatua. Kwa kanuni hiyo na masikio yetu tuliweza kuamua wenyewe mahali ambapo matoleo yalikuwa yakigombana. Najua ziko kwaya zinazoona solfa ni ushamba na zinakimbilia nota za mistari ili zionekane za kisasa. Jifunzeni mistari, ni muhimu, lakini atakayeiacha solfa ataacha ufunguo wa vitabu vya miaka mia tano.

Baada ya hapo tulijaribu kufanya kama walivyofanya wao, yaani wote kusoma kitabu kimoja. Motetti A imepangwa kwa namna ya kitabu cha kwaya: sauti nne zimeandikwa kila moja mahali pake katika kurasa mbili zinazotazamana, hazikupangwa juu na chini kama tulivyozoea. Vitabu vikubwa vya miswada viliwekwa juu ya kiegemeo na kwaya nzima ikasimama mbele yake. Tuliazima projekta ya parokia tukautupa ukurasa juu ya ukuta wa ukumbi, tukasimama katika nusu duara. Mabadiliko yalisikika jioni ileile. Mtu anayetazama simu yake huinama, koo hujikunja na masikio hufungwa ndani ya sauti yake. Mtu anayetazama ukuta pamoja na wenzake husimama wima na pumzi zao hukutana. Na kwa kuwa huoni mwenzako anaimba nini juu yako au chini yako, huna njia isipokuwa kusikiliza. Ukipotea, hakuna namba ya kipimo ya kukurudisha. Tulikubaliana alama za maneno: mtu aliyepotea anyamaze, asubiri neno "Ave" la beti linalofuata, kwa kuwa kila beti, isipokuwa sala ya mwisho, huanza kwa neno hilo, aingie hapo. Kanuni hiyo ndogo iliokoa mazoezi mengi.

Projekta ina adui yake, na kila mkazi wa jiji anamfahamu. Umeme ulipokatika tulikuwa tunabaki gizani na wimbo ukiwa umefika katikati. Kwa siku ya Misa tulichapa ukurasa kwa ukubwa wa A3 katika steshenari, nakala mbili, tukazibandika juu ya mbao nyepesi na kuzisimamisha juu ya viegemeo. Uchapaji wa rangi wenye ubora ulikula sehemu kubwa ya mchango wetu, na ningewashauri mchape kwanza ukurasa mmoja kwa nyeusi na nyeupe, msimame hatua mbili nyuma, mhakikishe aliye pembeni kabisa anasoma, kabla ya kulipia rangi. Tableti ni nzuri kwa anayeweza kuimudu, lakini kwa waimbaji wanane ni fedha ambazo kwaya ya kawaida haina, na simu haifai madhabahuni. Mwanga wake hujizima na ujumbe hupita juu ya nota.

Kifaa cha bure kilichotufaa kuliko vyote ni programu ya simu inayotoa sauti moja isiyokatika. Kinanda cha kanisani kimegawa oktava, yaani umbali wa do hadi do ya juu, katika hatua kumi na mbili zilizo sawa, kila moja ikiwa senti 100 (senti ni kipimo cha umbali wa sauti), na kwa mgawanyo huo umbali wa do na mi ni senti 400, wakati ule unaotulia kabisa masikioni, usio na mtetemo, ni wa senti 386 hivi. Tofauti ya senti 14 ni ndogo kwa maneno lakini koo linaijua. Umbali wa do na so kwa kinanda ni 700, na ulio safi ni 702. Tuliweka do iendelee kulia kwenye spika ndogo, kisha besi akaimba do, mwimbaji wa tena akaongeza so, na wengine wakatafuta mi polepole wakiishusha hadi mtetemo uishe. Moteti hii inamalizika, katika "Amen", kwa do na so tupu, bila mi ya kuficha kasoro yoyote. Kama so imekaa vibaya kila mtu kanisani atasikia ingawa hatajua amesikia nini. Fanyeni zoezi hili kabla ya kila mazoezi, bila kinanda, na msimruhusu mtu yeyote apige kinanda kuwasaidia.

Tulijaribu pia kupata mwalimu kwa mbali. Mtaalamu mmoja anayeishi Ubelgiji alikubali kutusikiliza bila malipo, na ukarimu wake siwezi kuulipa. Kuimba naye moja kwa moja kwa simu ya video hakukuwezekana, kwa kuwa waimbaji huanza kuvutana sauti inapochelewa zaidi ya sehemu thelathini hivi za elfu ya sekunde, na kutoka kwetu hadi Ulaya na kurudi ucheleweshaji ni mkubwa kuliko huo mara kadhaa. Tulipata njia bora: tunarekodi sehemu fupi, kipaza sauti kikiwa katikati ya duara, tunamtumia, naye anatujibu kwa maneno yaliyorekodiwa, akiimba kifungu kama anavyopendekeza. Rekodi hizo tulizisikiliza wote pamoja na kuzijadili, jambo ambalo simu ya moja kwa moja isingetupa muda wa kulifanya.

Katika mashauriano hayo alituuliza kwa nini tunaimba taratibu kiasi kile. Jibu lilikuwa rekodi. Tumeusikia muziki huu katika rekodi zilizofanywa ndani ya makanisa ya mawe ya Ulaya, ambamo sauti huelea muda mrefu, nasi tukaiga mwendo unaofaa makanisa yale ndani ya kanisa letu la bati na madirisha wazi, ambamo sauti hufa mara inapotoka mdomoni. Watafiti wameonyesha jinsi jengo lilivyo sehemu ya muziki wenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Stanford walipasua maputo ndani ya Hagia Sophia, jengo la kale lililokuwa kanisa huko Istanbul, wakarekodi mlio na mwangwi wake unaozidi sekunde 10, kisha kwa hesabu za kompyuta wakawawezesha waimbaji wa kundi la Cappella Romana kuimba Marekani nyimbo za Kibizanti wakijisikia wamo ndani ya jengo lile, kazi iliyotoka kama albamu mwaka 2019. Mwangwi wa Notre-Dame ya Paris ulipimwa mwaka 2013, na baada ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019 vipimo hivyo vikawa kumbukumbu ya thamani kubwa. Ziko programu zinazokuwezesha kuongeza mwangwi wa kanisa fulani juu ya rekodi yako, na kijana mmoja wetu alizijaribu. Ilipendeza mno na haikutusaidia, kwa kuwa siku ya Misa spika zisingekuwapo. Tuliongeza mwendo, tukatamka Kilatini kwa midomo iliyo hai zaidi, tukahama kutoka mbele ya mabati tukasimama karibu na ukuta wa nyuma wa altare ambao unarudisha sauti kidogo. Imbeni mara moja ndani ya jengo mtakaloimbia kabla hamjaamua mwendo. Na kama ni msimu wa mvua, uliza mapema kama Misa inaweza kuwa na wimbo mwingine badala yake, kwa sababu hakuna polifonia (muziki wa sauti nyingi zinazopishana) itakayoshindana na mvua juu ya bati.

Tarehe 15 Agosti tuliimba baada ya Komunyo. Haikuwa safi kote. Katika beti la tatu alto na tena waliachana, wakanyamaza kama tulivyokubaliana, wakaingia kwenye "Ave" iliyofuata. "Amen" ilitulia. Mama mmoja wa Jumuiya alitufuata nje akauliza kama wimbo ule ni wa zamani au umetungwa na kijana wetu, na mzee wa besi akamwonyesha ubao wenye ukurasa wa Petrucci, akamwekea kidole kwenye ufunguo, akaanza kumfundisha do iko wapi.

Tangu hapo tumeanza kazi nyingine. Mwaka 2014 kulionekana kwenye mnada huko Brussels kitabu kidogo cha nyimbo cha karne ya 15, kinachoweza kufunikwa na kiganja, chenye nyimbo 50, na kati yake 12 hazikujulikana kutoka mahali pengine popote. Sasa kinaitwa kitabu cha nyimbo cha Leuven, na picha zake zimewekwa mtandaoni na Alamire Foundation, taasisi ya muziki wa kale ya Ubelgiji. Nyingi ni za sauti tatu na maneno yake ni ya Kifaransa cha kale, kwa hiyo hatutaweza kuziimba katika Misa, na tunatafuta mtu wa Dar es Salaam anayejua Kifaransa vizuri na atakayekubali kukaa nasi jioni mbili kwa mwezi. Pia tunaandika solfa kwa mkono kando ya picha za Motetti A, ukurasa kwa ukurasa, kwa ajili ya wanakwaya ambao bado hawajaizoea mistari. Mwenye kuzitaka azitumie, ila afungue na picha ya 1502 pembeni, kwa kuwa tumeamua mambo kadhaa ambayo yeye anaweza kuyaamua vingine.